Miezi minane na programu ya mauzo dukani: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: nimeipa nyota tatu na nusu, na nitaendelea kuilipia. Ila miezi miwili ya kwanza ilitutoa jasho, na makosa mengi yalikuwa yetu. Jina la kampuni silitaji. Ipo Dar, vijana wake wanapokea simu, hayo yanatosha.

Tunauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, duka moja Buzuruga na jingine Igoma, watu saba kwa jumla. Kabla ya programu kila mauzo tulikuwa tunayaandika mara tatu: kwenye kaunta buku, kwenye mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi, halafu usiku mimi nayaingiza kwenye Excel huku nasinzia. Shemeji yangu, ambaye mtaji mkubwa ni wake, akasema imetosha.

Kijana wa kampuni alikuja siku mbili. Akalichukua faili langu la Excel, akaingiza bidhaa zote kama zilivyo, akatufundisha mchana mmoja, akapanda basi kurudi kwao. Tukawasha Julai mosi, maduka yote mawili kwa mpigo, kwa sababu tarehe ilikuwa rahisi kukumbuka. Julai huku ni kiangazi, watu wanajenga, kaunta haipumui. Sijui tulikuwa tunawaza nini.

Siku ya pili fundi mmoja alinigeuzia risiti: saruji niliyomtajia shilingi 20,000 imeandikwa 23,600. Bei zetu zina VAT ndani. Kijana aliziingiza kama bei kabla ya kodi, programu ikapachika asilimia 18 juu yake. Ni tiki moja tu iliyokosekana kwenye mpangilio. Tukarudisha hela kwa wateja kumi na mmoja tuliokuwa na namba zao, wengine hatukuwapata tena. Na kwa kuwa programu imeunganishwa na risiti za kodi, mhasibu wetu alikuwa na kazi ya ziada kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT. Kama tungeuza bidhaa tano za majaribio kabla ya kuwasha, tungeliona hilo kwa dakika kumi.

Majina nayo yalitutesa. Kwenye Excel yangu bati lile lile niliwahi kuliandika "bati G30", "bati geji 30", "msauzi 30" na "msauzi g.30". Mimi nilikuwa naelewa. Programu haielewi, ikahesabu bidhaa nne, mbili zikiwa na mzigo na mbili zinasoma hasi. Nilikaa usiku tatu nikisafisha orodha, kazi ambayo ningeifanya Mei kwa utulivu.

Lakini somo kubwa lilikuwa nondo. Tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande. Programu ina sehemu ya kubadili vipimo, na kwa nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 tuliweka tani moja ni vipande 93. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, maana kipande kinatakiwa kuwa na uzito wa kilo kumi na kama gramu 660. Tatizo, nondo zinazoshuka kwenye lori hazisomi karatasi. Zikiwa nyembamba kidogo, tani inatoa vipande 96 au 97. Mzee wetu wa stoo alihesabu kwa mkono kama alivyozoea, akaandika kwenye kaunta buku lake, na kila wiki daftari na kompyuta vikagombana. Mimi nikamwambia, "Mzee, mashine haikosei." Akanijibu, "Haya, njoo uhesabu mwenyewe." Nikahesabu. Vipande 96.

Tangu siku hiyo nondo tunapokea kwa vipande, tani inabaki kwenye ankara ya msambazaji tu. Na faida ambayo sikuitarajia: sasa najua ni mzigo wa nani unakuja mwembamba.

Kwa wiki sita tuliendesha daftari na programu pamoja. Wafanyakazi walinung'unika, kazi ilikuwa mara mbili, lakini singeweza kuruka hatua hiyo. Daftari liliikamata programu mara mbili, mojawapo ni mizigo inayorudishwa na wateja, ambayo ilikuwa inatoka kwenye mauzo bila kurudi stoo. Programu nayo ililikamata daftari mara nyingi zaidi, hasa kwenye misumari ya kilo na punguzo za mdomo. Hapo ndipo dada wa kaunta alipoacha kumpa mwenzake neno lake la siri. Alipoona punguzo za mtu mwingine zinasomeka kwa jina lake, hakuhitaji semina.

Nyota niliyoipunguza kwa hasira ni ya masasisho. Jumamosi moja saa mbili asubuhi tulifungua tukakuta kitufe cha malipo kimehama, na sehemu ya kuchagua malipo ya simu imefichwa ndani ya menyu. Dada wa kaunta alikuwa ameshazoea, anabonyeza bila kutazama. Foleni ya mafundi ikafika barabarani, wawili wakavuka kwenda kwa jirani. Niliwapigia Dar, nikaambiwa, "Bosi, ni toleo jipya, ni zuri zaidi." Labda, lakini si Jumamosi asubuhi.

Baada ya mvutano walikubali kutupa taarifa kwa WhatsApp siku mbili kabla, pamoja na akaunti ya majaribio. Kusogeza sasisho kwa ajili yetu peke yetu wamesema hawawezi, wateja wote wako kwenye toleo moja. Kwa hiyo taarifa ikija, dada wa kaunta anakaa nusu saa baada ya kufunga, anajaribu mauzo ya fedha taslimu, ya simu, ya mkopo na kurudisha mzigo. Posho yake naitoa mimi.

Umeme ukikatika programu inaendelea kwenye simu, na mtandao ukirudi inatuma yenyewe. Hapo sina neno.

Mkataba unaisha Juni 30 na tutasaini tena. Duka la tatu nimeshawaandikia kwamba tutaliwasha Aprili, mvua zikinyesha na mafundi wamelala.