Kaunta buku kama leja ya vitabu: nimeitumia miaka 3

Nauza dawa kwenye duka dogo Buguruni, na kila jioni kabla ya kufunga, kazi yangu ya mwisho ni leja: kilichoingia, kilichotoka, salio. Miaka 3 sasa ninayo leja ya namna hiyohiyo nyumbani, ya vitabu. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyejiwekea lengo la kusoma mwaka huu na anajiuliza alifuatilie kwa kitu gani. Mimi natumia kaunta buku, ile ya jalada gumu inayouzwa duka lolote la vifaa vya shule, na sina mpango wa kuiacha.

Yangu ni ya unene wa kwaya 3, yaani kurasa 288, yenye mistari. Niliinunua Kariakoo mwishoni mwa Desemba 2022 kwa shilingi 4,500. Kabla ya kulipa niliifungua katikati nikautazama mshono. Ukiona uzi umepita kwenye mikunjo ya karatasi, hiyo ni ya kudumu. Ukiona gundi tupu mgongoni, rudisha, hata kama jalada lake linang'aa. Niliwahi kuwa na ya gundi dukani na kabla ya mwaka kwisha kurasa zilikuwa zinatoka moja moja kama majani ya mwembe. Hii ya uzi haijaachia hata karatasi moja.

Kabla yake nilikuwa na programu ya simu. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenipakulia. "Shangazi, weka hamsini," aliniambia, "kitabu kimoja kwa wiki, utaweza tu." Nikaweka 50. Nilikuwa nasoma kwenye daladala, Gongo la Mboto hadi Buguruni, na foleni ya asubuhi inampa mtu muda wa kutosha. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Ilipofika Mei programu ikaniandikia kwamba niko nyuma kwa vitabu 6. Agosti, 11. Kila nikifungua simu kuandika kitabu nilichokifurahia, la kwanza kuliona ni deni. Vitabu vya Kiswahili vingi havikuwemo, ikabidi niviingize mwenyewe, jina, idadi ya kurasa, hadi picha ya jalada niliyoipiga mezani kwangu.

Kilichonitoa huko ni jambo la Desemba ile ya 2022, na bado linaniuma. Ili niikaribie 50 nikaanza kuchagua vitabu kwa unene. Nikalipitia kabati nikitoa vyembamba tu, kimojawapo kikiwa Nagona cha Euphrase Kezilahabi. Anayekijua kitabu hicho anaelewa nilichokifanya. Ni kidogo, hakifiki kurasa 100, lakini ni miongoni mwa vitabu vigumu kuliko vyote vilivyoandikwa kwa Kiswahili, hakina njia ya moja kwa moja ya kumshika mkono msomaji. Nilikipitisha macho usiku mbili, nikakitia alama kuwa nimemaliza. Namba ikapanda kwa moja. Usiku ule nilijaribu kujisimulia nilichokisoma nikashindwa. Nikajiona nimemkosea mwandishi, na nimejikosea mwenyewe niliyekitafuta kitabu kile miaka miwili kwa wauza vitabu vya mtumba.

Ndipo nikaenda Kariakoo.

Nilipiga mistari kwa rula kama ya dukani. Safu ya kwanza tarehe kitabu kilipoingia ndani ya nyumba. Ya pili jina na mwandishi. Ya tatu kimetoka wapi: kununua, kuazima, zawadi. Ya nne tarehe nilipoanza kusoma. Ya tano tarehe nilipomaliza, au kama nimekiacha, namba ya ukurasa nilipoishia. Ya sita, ambayo ndiyo roho ya leja nzima, ni salio: vitabu vyangu mwenyewe vilivyomo ndani ya nyumba ambavyo sijavisoma.

Tarehe 1 Januari 2023 nilihesabu mali. Niliviteremsha vyote sakafuni, vya kabatini, vya chini ya kitanda, vya kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango. Vilikuwa 61, na ambavyo sikuwa nimevisoma vilikuwa 38. Nilikaa chini nikavitazama. Programu ilinihesabia nilivyosoma kwa uaminifu kabisa, lakini mimi sikuwahi kuitaka inionyeshe nilivyolundika, na wala nisingejua nianze kuitakia wapi. Leja ilinionyesha siku ya kwanza. Kumbe nilikuwa nakimbiza vitabu 50 kwa mwaka huku nikiwa na 38 ndani vinanisubiri, na kila mwisho wa mwezi naongeza vingine.

Hapo lengo langu likabadilika. Badala ya idadi ya vitabu nikaandika mambo mawili kwenye ukurasa wa ndani wa jalada: nisome siku 5 katika kila wiki, hata kama ni kurasa 4, na salio lishuke kila mwaka. Siku nilizosoma natia nukta kwenye mstari wa mwezi, nukta moja kwa siku, ukurasa mmoja unatosha mwaka mzima. Kuna miezi nukta zimejaa na kuna mwezi, Aprili 2024, mama alipolazwa, nukta ni 3 tu. Ukurasa ule sikuuandikia deni. Upo vilevile, na nikiuona nakumbuka vitabu nilivyomsomea wodini vilikuwa vipi.

Mwaka 2023 viliingia 15, nikasoma vyangu 17, nikagawa 4 nilivyotambua sitavisoma. Salio 32. Mwaka 2024 viliingia 7, nikasoma 14, nikagawa 3. Salio 22. Mwaka 2025 viliingia 9, nikasoma 13. Salio 18. Vya kuazima naviandika pia ila haviingii kwenye salio. Navyo ni vichache, 6 hadi 8 kwa mwaka, vingi vya maktaba kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967 na mpaka leo bado inatoa vitabu.

Ukijumlisha utaona sijafika 25 mwaka wowote. Sijali tena. Kitabu cha kwanza kuandikwa kwenye leja, mstari wa juu kabisa, ni Nagona. Nilianza tarehe 2 Januari, nikamaliza tarehe 20. Siku 19 kwa kitabu chembamba kiasi kile, nikirudi nyuma, nikisoma kwa sauti jikoni. Nimekiandikia kurasa 6 za maelezo na bado nina maswali.

Jambo jingine sikulitarajia. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikaa na leja nikaifuatilia kama ninavyofuatilia dawa inayoelekea kuisha muda. Nikaona kwamba vitabu vinavyoingia vitatu kwa tarehe moja, kinachosomwa ni kimoja. Viwili vinabaki kwenye salio. Ilikuwa hivyo mara nne mfululizo. Sababu naijua: kijana ninayenunua kwake hupanga vitabu chini kwenye turubai, na kila nikishika kimoja huniambia, "Dada, chukua vitatu nikufanyie elfu kumi." Sasa namjibu, "Mdogo wangu, leo kimoja. Nikikimaliza nitarudi." Alinung'unika mwanzoni. Siku hizi nikifika huniuliza kile cha mara iliyopita kilikuwaje, na mara mbili amenihifadhia kitabu alichodhani nitakipenda, akapatia.

Vitabu nilivyoviacha njiani ni 11 kwa miaka ile miwili ya mwanzo, na 8 kati yake niliishia kabla ya ukurasa wa 40. Sioni haya kuviandika. Kimoja nilikiacha ukurasa wa 31 mwaka 2023, na nilipokirudia mwaka 2025 nilikimaliza kwa siku 4. Tarehe zote mbili zipo kwenye mstari mmoja, na nafurahi kila nikizipitia.

Nusu ya nyuma ya kaunta buku ni ya maelezo. Kwa kawaida kitabu kina kurasa 2 hadi 4: sentensi niliyoipenda na ukurasa wake, neno nisilolijua, nani nimpe baada yangu. Tenzi na diwani nazo naziandika humuhumu. Utendi wa Mwana Kupona una beti 100 na ushei, mtu anaumaliza kabla daladala haijafika Tazara, na wapo watakaosema hicho si kitabu cha kuhesabiwa. Mimi nimeuhesabu. Bibi yangu alizijua beti kadhaa kwa moyo, na nilipozikuta mle nilizinakili zote.

Kurasa za mwisho, kwa kuigeuza kaunta buku kichwa chini, ni za waazimaji. Jina, kitabu, tarehe. Kabla ya hapo nilikuwa napoteza vitabu bila kujua amechukua nani. Sasa mtu akija naandika mbele yake, kwa heshima, kama tunavyowaandikia wateja wa mkopo dukani, na hakuna aliyewahi kununa. Jirani yangu mmoja alikaa na kitabu miezi 9. Nilipompitishia salamu kwa mwanawe kikarudi, kimefunikwa kwa gazeti, pamoja na bakuli la visheti.

Sasa kasoro zake. Kurasa hazina namba, ni lazima uziandike mwenyewe zote 288, na usipofanya hivyo siku ya kwanza hutafanya tena. Karatasi ni nyepesi, kalamu ya jeli inatokeza upande wa pili. Tumia kalamu ya kawaida. Pembe za jalada zimechakaa ndani ya mwaka, nikazibandika kitambaa kwa gundi ya mbao. Ukitaka kujua lini ulisoma kitabu fulani unafunua kwa mkono, hakuna kuandika jina likatokea. Na haina nakala. Mvua za Machi 2024 maji yaliingia chumbani kwetu, na kaunta buku iliyokuwa juu ya stuli ilinusurika kwa kimo cha kiganja. Tangu siku hiyo napiga picha kurasa mpya kila mwisho wa mwezi na kuzituma kwa mdogo wangu Morogoro.

Ni nzito pia. Hii ya kwaya 3 sijawahi kuibeba kwenye daladala. Natembea na kikaratasi ndani ya kitabu ninachosoma, nikifika nyumbani nahamisha. Kama ningeanza upya ningechukua ya kwaya 2, kurasa 192, inakaa vizuri mkononi na bei ni nafuu zaidi.

Ambaye hapendi kabisa kuandika kwa mkono simlazimishi. Ninaowaona wakifurahia simu zao wanatumia The StoryGraph, programu ya kufuatilia usomaji iliyotengenezwa na Nadia Odunayo wa Uingereza. Mule mtu anaweza kuweka lengo la kurasa badala ya idadi ya vitabu, kitabu ulichokiacha kina mahali pake pa kuandikwa kuwa umekiacha, na nyota zake zinagawanyika hadi robo. Rekodi zako za Goodreads, programu nyingine ya namna hiyo, unaweza kuzihamishia huko bila kuanza moja. Mtoto wa kaka yangu amehamia huko na ameweka kurasa 15 kwa siku. Nilimwambia tu kitu kimoja: kabla hujaweka lengo lolote, teremsha vitabu vyako sakafuni uvihesabu. Alivihesabu, akanitumia ujumbe usiku huohuo: "Shangazi, nina 23 sijavigusa."

Kwa bei yake, kwa nilivyoitumia, naipa kaunta buku ya uzi 9 kati ya 10. Ile 1 imepotea kwa kukosa namba za kurasa.

Yangu imejaa. Desemba 2025 nilinunua nyingine, ya kwaya 2, nikatoa jioni moja nzima kuandika namba za kurasa na kupiga mistari. Mstari wa kwanza nimeshaujaza, kama tunavyofanya dukani tukifungua leja mpya: Salio anzia, 18.