Chanjo ya ndigana kali: hela yake inarudi, ila wachanjaji wajirekebishe

Nyota nne. Kwa wafugaji wenzangu wa Muheza mnaouliza kama chanjo hii ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, inafaa: chanjeni. Tangu nichanje mitamba na ndama wangu, sijazika tena ndama wa ndigana kali.

Nililipa Sh 15,000 kwa ndama. Wapo walioguna kwamba ni ghali. Haya, tupige hesabu. Ng'ombe wangu aliyeugua kabla ya hapo alikula sindano za buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, za zaidi ya Sh 80,000, bado nauli ya daktari, na maziwa ni ya kumwaga maana kituoni hawapokei yenye dawa. Alipona, lakini lita zake hazikurudi. Na huyo ni aliyepona! Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalitaja hasara ya dola milioni 364 kwa mwaka Tanzania kutokana na magonjwa ya kupe, ng'ombe milioni 1.3 wakifa, na zaidi ya nusu ya hasara hiyo ni ndigana kali. Mwenye zizi hawezi kushangaa.

Chanjo yenyewe ni vijidudu hai vya ndigana, inakuja kwenye mtungi wa naitrojeni unaofuka moshi wa baridi. Ndiyo maana ng'ombe anachomwa mara mbili kwa mpigo: chanjo chini ya sikio, na oksitetrasaiklini ya asilimia 30, dawa ya kuwadhibiti vijidudu hao wasimletee ugonjwa wenyewe, kwenye msuli, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Mchanjaji asiyezungusha utepe kifuani kukadiria uzito, mrudishe alikotoka. Wa kwetu alipima kila mmoja, hata dume la jirani lililokuwa likirusha mateke, kisha akapiga hereni sikioni, alama kwamba amechanjwa.

Sasa lawama. Ikishayeyushwa chanjo haikai, ni saa chache tu, kwa hiyo hawaji kwa ng'ombe watatu, lazima mjikusanye. Sawa. Lakini kutuambia saa moja asubuhi halafu kutokea saa sita mchana, mifugo imefungwa juani bila maji? Halafu kuanzia wiki ya pili wengine hupata homa na kuvimba mitoki. Mtamba wangu mmoja alipozubaa, simu ya wachanjaji iliita mpaka ikakatika. Aliyekuja kumwangalia ni bwana mifugo wetu wa kata.

Bomba la kuogeshea dawa ya kupe msitupe. Chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, mkojo damu wala maji moyo. Mimi nilikuwa naogesha kila wiki, sasa kwa ushauri wa bwana mifugo ni kila wiki mbili, na dawa ninayonunua imepungua karibu nusu. Jambo ambalo sikulitegemea ni sokoni: mnunuzi kutoka Korogwe aliangalia sikio kwanza, akaiona hereni, ndipo akauliza bei. Wale wasio na hereni hakuwasogelea kabisa.