Yamaha AG100: cc 97 tu, lakini njoo uone hili boksi la cheni

Haya wakuu, karibuni tena gereji. Najua swali lako la kwanza, linatangulia hata salamu: cc ngapi, yaani ukubwa wa injini? Tisini na saba. Umecheka? Cheka umalize, tuendelee.

Wiki ya tatu hii maoni ni yale yale. "Kaka, lini unaleta 250?" "Achana na hivyo vitoto." Mmoja kaandika kwamba nimefulia. Sawa, kufulia nimefulia, lakini hii nimeileta makusudi. Yamaha AG100, ya mnada, ilikuwa ya bwana shamba, nimeichukua kwa shilingi 1,400,000. Kiti kimechanika, hicho kinashonwa hapo nje kwa fundi viatu, tusipoteze muda.

Makaratasi siwasomei, yamejaa kila mahali. Jueni tu ni tustroki, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, ina tangi lake la oili pembeni kwa hiyo huchanganyi kwa mkono, na haina stata ya kubonyeza. Ni kiki ya mguu. Herufi AG zimetoka kwenye neno la Kiingereza la kilimo, ukoo huu ulitengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand. Mtu anayeshinda kwenye tope na ng'ombe, fundi yuko kilomita mia.

Sasa dogo, sogeza kamera huku chini. Chini zaidi. Hapo hapo, usitikisike.

Mnaona cheni? Hamuioni. Mimi nimepiga magoti hapa na siioni vilevile. Hili ni boksi, bati limezunguka lote kuanzia spoketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, ya mbele mpaka ya nyuma. Jana nimetoka nayo Kilolo na mvua mmeiona, madigadi yenyewe yamegeuka rangi. Sijaiosha. Ngoja nifungue kipande cha juu, bolti hii... na hii. Hii imekaza kidogo, subirini... eeh, imekubali.

Hiki ni kitambaa cheupe, mke wangu asijue kimetoka wapi. Napangusa cheni. Angalia. Nyeusi! Oili tupu. Udongo mwekundu uko wapi? Huko nje kwenye boksi. Ndani cheni inaoga oili yake kimya kimya.

Sasa njooni huku. Hii 250 si yangu, ni ya jamaa wa jirani, kaenda kunywa chai, kwa hiyo tufanye haraka. Jina la kampuni sitaji, sijaja kugombana na mtu. Cheni iko wazi, juu kuna kikava cha plastiki kama ukucha. Amepita barabara ile ile jana. Upande wa pili wa kitambaa, napangusa... Hee! Hiyo ni rosti la nyanya, si cheni. Na sikilizeni nikizungusha tairi. Khrrr. Khrrr. Umesikia? Huo ni mchanga unatafuna meno ya spoketi. Wengi mnakosea hapa: mnaona cheni imekauka mnamwagia oili chafu, halafu mnaingia vumbini. Oili ikichanganyika na vumbi umejitengenezea msasa. Unausugua mwenyewe kila kilomita, halafu unarudi kwangu unasema spea siku hizi feki.

Kweli, ukitaka kuvua tairi la nyuma hili boksi linakera. Fundi wangu akiliona anaguna kwanza. Lakini nani anavua tairi kila siku? Boxer nyingi za kijiweni zina kava pia, na vijana wanalifungua wanalitupa, eti pikipiki ionekane ya mashindano. Mashindano ya wapi, ya Soko Kuu kwenda Ipogolo, hapa hapa mjini Iringa?

Na hili suala la cc ndilo linaloniudhi. Pikipiki zinanenepa kila mwaka na hakuna anayeuliza kwa nini. Chukua Kawasaki Ninja, ile ndogo ya kuanzia. Ilikuwa 250. Ikaja 300, mwaka 2018 ikawa 400, mwaka 2024 inaitwa 500. Ukifungua karatasi injini ni cc 451, lakini kwenye ubavu wameandika 500, maana wanajua unanunua namba. BMW GS ya kwanza ya mwaka 1980 ilikuwa kama cc 800, leo ni 1300. Ya kuanzia leo ni kubwa kuliko ya kumalizia ya babu yako.

Hata Japani. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958 na cc 49, na kufikia mwaka 2017 ukoo wake ulishavuka pikipiki milioni 100. Mwaka 2025 Honda wameacha kutengeneza cc 50 kwa soko la kwao, kwa sababu ya sheria mpya ya moshi. Dawa yake nini? Mwenye leseni ya 50 sasa anaruhusiwa kuendesha hadi cc 125, mradi nguvu ibanwe isizidi kilowati 4. Yaani injini imekua zaidi ya mara mbili, kisha inafungwa kamba ifanye kazi ya mtoto. Ingawa, tusidanganyane, kwa sheria ile hii tustroki yangu isingefika hata getini. Inafuka moshi kama jiko la kuni. Dogo, usinifute hapo, acha watu wasikie.

Huku kwetu nilipita duka moja nikauliza 100. Muuzaji akaniangalia kama nimeomba mkopo. "Watu wanataka 150, bro." Watu gani? Kijana wa mkataba anabeba abiria kwenye matuta mwendo wa baiskeli, analeta hesabu jioni, cc hamsini za nyongeza anazikimbizia wapi? Wahindi wenyewe wanaotuuzia, Hero Splendor iliyowajengea jina ni cc 97. Sawasawa na hii! Atakayebisha aende akatafute, arudi hapa kwenye maoni aombe radhi.

Utaniambia mzigo. Mzigo unabebwa na gia, keria na fremu. Hii ina keria mbele na nyuma. Juzi nimefunga gunia la viazi nyuma, si lumbesa lakini lilikuwa linaielekea lumbesa, nikatoka nalo shamba kwa gia ya kwanza bila kuungua klachi. Halafu kuna hiki kidude kwenye mkono wa klachi: unaminya, unakisukuma, klachi inabaki imeshikwa. Unashuka na gia iko ndani, unafungua geti, unarudi, unaondoka. Nimekionyesha kwa mzee wangu, akakichezea robo saa nzima. Stendi ziko mbili, kushoto na kulia. Kwenye mteremko unachagua upande.

Ila kama safari zako ni barabara kuu, usinunue. Mlima Kitonga nimepanda kwa gia ya pili nyuma ya lori la mbao, na lori lilikuwa linaniacha. Moshi wa lori na wa kwangu, nimefika juu nanuka kama nyama choma. Mafuta inakula kuliko Boxer 100, hilo usibishane na mtu wa tustroki, na oili ya 2T, ile ya tustroki, unanunua pembeni kila siku. Kwa mtu wa kijiweni mimi ningesema TVS HLX 125 au hiyo Boxer 100 ukibahatika kuipata. Kwa bei mpya hii siichukui. Kwa 1,400,000 ya mnada? Hata kesho.

Eeh, na la chaneli: maikrofoni mpya imefika, ndiyo maana leo hamsikii jogoo. Wiki ijayo ni 125 tatu pamoja, kwa hiyo jiunge, bonyeza kengele. Wa 250, mnaoniazima moja waziwazi bila mimi kuiba ya jirani, nipo.

Kiki bado sijawaonyesha, ngoja nifunge boksi la cheni... Dogo, geuka nyuma taratibu. Yule si mwenye 250? Kitambaa kiko wapi? Kwenye kiti chake? Kiondoe. Kiondoe bwana! Zima, zima hiyo kamera.