TAHADHARI: Kitambaa cha kuchapwa kinachouzwa kama tartani ya ukoo wa Uskoti

Ninawatahadharisha wenzetu mnaoishi Uskoti, pamoja na mnaoagiza vitambaa vya huko kwa ajili ya harusi, mahafali au zawadi, juu ya muuzaji wa mtandaoni anayetangaza "tartani halisi ya ukoo, ya kale, iliyosajiliwa". Tartani ni kitambaa cha Uskoti chenye mistari ya rangi inayokatana na kufanya miraba. Jina la duka silitaji, kwa kuwa kesho linaweza kufunguliwa kwa jina jingine. Kitakachowasaidia ni kuitambua bidhaa yenyewe.

Kitambaa nilichokikagua kilinunuliwa na rafiki yangu kwa zaidi ya pauni 300 ili kishonwe kilti, yaani sketi ya wanaume wa Uskoti. Kwa mbali kilipendeza. Kilipogeuzwa, upande wa nyuma ulikuwa umepauka, jambo lisilowezekana kwa tartani, kwa sababu tartani hufumwa na haichorwi juu ya nguo. Nyuzi hutiwa rangi kabla ya kufumwa, kisha hupangwa kwa hesabu maalumu kwenye mtande (nyuzi za urefu), na kwa tartani nyingi hesabu ile ile hurudiwa kwenye mshindio (nyuzi za upana). Hesabu hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu. Kwa mfano, K/4 R24 K24 Y/4 maana yake ni nyuzi 4 nyeusi, 24 nyekundu, 24 nyeusi na 4 za njano, na alama ya mkwaju huonyesha mahali ambapo mpangilio hugeuka na kurudi kinyumenyume hadi ulikoanzia.

Mtande na mshindio wa rangi moja vikikutana, rangi hubaki safi. Vikikutana vya rangi mbili, huzaa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hivyo rangi 3 za mfano huo hutoa sura 6. Kila uzi hupita juu ya nyuzi 2 na chini ya nyuzi 2, na safu inayofuata husogea kwa uzi 1, ndiyo maana ukiusogelea mchanganyiko huo utaona vijistari vya mshazari. Katika kitambaa cha muuzaji huyu sehemu hizo zilikuwa rangi bapa tu, na ukingo wa mstari wa njano uliangukia katikati ya uzi, ukiupaka nusu na kuuacha nusu. Hakuna fundi wa kufuma awezaye kufanya hivyo hata akitaka.

Neno "ya kale" nalo linatumiwa kwa hila. Katika biashara hii hilo ni jina la mkoza wa rangi tu: hesabu ya nyuzi ni ile ile, ila rangi hufanywa nyepesi zaidi ili kuiga zile za mimea, ilhali rangi za "kisasa" huwa nzito. Muuzaji huyu anatoza nyongeza kwa madai kwamba mpangilio wake ulivaliwa na ukoo husika tangu karne ya 16. Ni kweli kwamba mavazi ya wanaume wa nyanda za juu za Uskoti yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, iliyofutwa mwaka 1782, lakini desturi ya kila ukoo kuwa na tartani yake ilishika kasi hasa katika karne ya 19, baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita wajukuu wa ukoo wa kifalme wa Stuart walichapisha kitabu cha tartani walichodai kimetokana na hati ya kale, na hati hiyo ikaja kuonekana kuwa ya kughushi. Udanganyifu huu, basi, haukuanza na intaneti.

Kuhusu "iliyosajiliwa", ipo rejista rasmi ya tartani iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 2008, na mtu yeyote anaweza kupekua humo bila malipo. Rejista hiyo huhifadhi michoro; haikagui jora la mtu yeyote. Hata "cheti cha ruhusa ya kuvaa" anachokiuza kando hakina kazi, kwa sababu huhitaji kibali cha kisheria kuvaa tartani ya ukoo.

Sina ugomvi na poliesta, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ikiuzwa kama poliesta. Kabla ya kulipa, dai picha ya upande wa nyuma na picha ya karibu yenye rula, uulize hesabu ya nyuzi, kisha uombe kipande cha sampuli. Chomoa uzi uuchome: sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayovunjika, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kijidonge kigumu.

Kwa waliokwisha kulipa, jibu la muuzaji ni kwamba kitambaa kilichokatwa kwa oda hakirudishwi. Hilo huweza kuwa kweli kwa mteja aliyebadili mawazo, lakini sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa isiyolingana na maelezo na kurudishiwa fedha zake. Aliyelipa zaidi ya pauni 100 kwa kadi ya mkopo anaweza pia kuidai benki yake, kwa hiyo hifadhini picha ya tangazo kabla halijaondolewa.