Antholojia tatu za ushairi wa Uingereza na Ireland, na ile niliyobaki nayo

Nilianza na ya bei rahisi. The Penguin Book of Contemporary British Poetry ya mwaka 1982 niliipata kwenye vitabu vya mtumba, nyembamba, inaingia mfuko wa koti. Wahariri wake, Blake Morrison na Andrew Motion, walichagua washairi 20 tu, wanawake 5. Anayefungua ni Seamus Heaney, na hapo ndipo palipozuka kasheshe. Heaney alizaliwa Ireland ya Kaskazini lakini hakutaka kuhesabiwa Mwingereza. Mwaka 1983 akawajibu wahariri kwa shairi refu, akiwakumbusha kuwa pasipoti yake ni ya kijani, yaani ya Ireland. Sisi tuliokua tukisikia malenga wakijibizana hatuhitaji kuelezwa: aliyechokozwa kajibu kwa beti.

Mashairi yenyewe matamu. Tony Harrison, mtoto wa mwoka mikate wa Leeds, anashika vina barabara, na sikio lililozoea mizani linatulia. Ila usiinunue ukidhani ndiyo ushairi wa kisasa wote. Yeats hayumo, Auden hayumo, vigogo wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Hata Linton Kwesi Johnson, mshairi mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa tayari anachapisha London miaka ya sabini, hayumo.

Ya pili ni ya Simon Armitage na Robert Crawford, 1998, inayoanzia 1945. Jina lake linasema mashairi kutoka Britain na Ireland, kwa hiyo somo la Heaney lilisikika. Uwanja ni mpana, lakini wengi wanapewa vipande vichache mno. Unaanza kumwonja mtu, sahani imeondolewa.

Niliyotolea pesa za maana ni ya tatu, ya Mmarekani Keith Tuma, Oxford, 2001. Zaidi ya kurasa 900! Inaanza na Thomas Hardy, inawaokota akina Mina Loy na Basil Bunting ambao wengi huwaruka, na kila mshairi ana utangulizi wake. Kuna tanbihi pia, na kwa msomaji ambaye Kiingereza alikikuta shuleni, tanbihi ni nusu ya bei. Upendeleo wa Tuma kwa washairi wagumu haujifichi. J. H. Prynne nimemsoma mara tatu na bado niko nje ya mlango, nabisha hodi.

Kitabu hicho hakitoki mezani, ni kizito kama tofali. Ninachoingia nacho ndani ya basi ni kile cha 1982, jalada nimelivalisha gazeti kama daftari la shule, jina lisionekane.