Kioromo na Kijojia kwa ada moja: nyota tatu, na nyota mbili ni za mwalimu

Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Nairobi hadi Moyale. Kwetu Mombasa, na Kiswahili changu kinanitosha mpaka Isiolo. Baada ya hapo, pancha ikinipata Turbi, fundi na wazee waliokaa kivulini wanaongea Kioromo cha huko, nami nasimama pembeni kama sehemu ya mzigo. Ndiyo maana nilipoona bango kwenye ngazi za jengo moja Eastleigh, Mtaa wa Pili, "Kioromo na Kijojia, lugha ndugu, ada moja", nilipiga simu papo hapo. Kijojia mimi cha nini? Ni cha mpwa wangu, anayetaka kwenda Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, kusomea udaktari. Tukajiandikisha sote wawili, shilingi 6,000 kila mtu kwa mwezi, Jumamosi asubuhi. Jina la kituo siliandiki kwa sababu bado tunavutana nao juu ya pesa.

Nianze na hilo neno "ndugu". Ni uongo wa biashara. Kioromo ni lugha ya Kikushi, jamaa zake ni kina Kisomali na Kirendille. Kijojia kina ndugu watatu tu, Kimegreli, Kilaz na Kisvan, na wote wako upande ule ule wa milima ya Kaukazi. Nilipomsomea mwalimu wa Kioromo bango hilo alicheka mpaka akashika meza.

Mwalimu mwenyewe ni mama mmoja wa Marsabit, na ndiye aliyenifanya nisidai pesa zote. Siku ya kwanza alichana kipande cha tishu akakining'iniza mbele ya midomo yangu. "Sema pilipili." Tishu ikapepea. Kisha akakiweka mbele ya midomo yake akasema xiqqoo, yaani kidogo. Tishu haikutikisika, ila sauti ilipasuka kama kijiti kikavu. Nilijaribu mara kumi nikatoa mate tu.

"Kaka, unatumia pumzi ya kifua," akaniambia. "Ukiinua gunia unafanyaje kooni?"

Nikafanya kama nainua gunia. Koo likajifunga.

"Basi hapo hapo, usilifungue. Achia ulimi."

Ikatoka! Maandishi yao ya Kilatini, Qubee, yaliyopitishwa rasmi Ethiopia mwaka 1991, yana herufi za sauti hizo: x ni t ya kupasuka, c ni ch, q ni k, ph ni p. Ile dh nayo si ya dhahabu. Ni d ya kuvutwa ndani huku ulimi umekunjwa, na sisi wa pwani tuliozoea kuivuta d ya dada hatupati shida sana. Mwanafunzi mwenzangu wa Kiambu alihangaika nayo wiki mbili.

Sasa saa ya pili, Kijojia. Mwalimu yuko Tbilisi, tunamwona kwenye kompyuta ya kituo, na intaneti ya kituo inakatika kila anapofika mahali patamu. Hata hivyo aliwahi kutupa sentensi ambayo watoto wao hujipimia ulimi: baq'aq'i ts'q'alshi q'iq'inebs, chura analia majini. Hiyo q' inapasukia chini kabisa kooni, karibu na kidaka tonge. Kioromo kina k moja ya kupasuka, Kijojia kina mbili, na hii ya chini ndiyo inayoua watu. Mpwa wangu na ujana wake alikwama. Mimi gunia langu lilikuwa tayari kooni, nikaipata jaribio la tatu. Na tazama hiyo -shi mwishoni mwa maji: ts'q'ali ni maji, ts'q'alshi ni majini. Inakaa pale pale inapokaa -ni yetu. Undugu haupo, lakini nilijisikia nyumbani kidogo.

Kilichomvuruga mpwa wangu ni mama. Kwa Kijojia mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Wiki nzima alikuwa akimwita babake mama, na mzee hakuona kichekesho. Kioromo hakina vituko hivyo, ni abbaa na haadha.

Wakati wa mapumziko kuna kahawa, na hapa kituo nakisifu bila kinyongo, maana inakaangwa mbele yako na tangawizi ipo. Kwa Kioromo ni buna, jamaa ya buni yetu. Kwa Kijojia ni q'ava, na hapo unaisikia kahawa. Kikombe kimoja, na maneno yote mawili tunayo.

Malalamiko. Karatasi za Kioromo walizotuchapia zimepunguza herufi zinazojirudia, sijui walikuwa wanabana wino. Kwa Kioromo huwezi. Hara ni ziwa, haaraa ni mpya. Badaa ni kibaya, baddaa ni nyanda za juu. Kwa hiyo kwenye karatasi ya salamu waggaa haaraa, mwaka mpya, imekuwa mwaka wa ziwa. Mwalimu alikaa akitusahihishia kwa kalamu nyekundu, karatasi moja moja, nusu saa yetu ikaenda. Kijojia ndiyo kabisa: herufi 33, hazina kubwa wala ndogo, nzuri kuzitazama kama mizabibu, na hatukupewa hata ukurasa mmoja wa kuzifuatisha. Mpwa alizinakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Vipindi vitatu kati ya vinne vilikatika katikati, na nilipoomba nirudishiwe nusu ya ada ya kijana niliambiwa meneja amesafiri. Amesafiri tangu mwezi uliopita.

Kama unataka Kioromo, nenda, kaa mbele, na omba tishu. Kijojia subiri wabadilishe intaneti. Mimi nimelipia mwezi wa pili wa Kioromo peke yake.

Jumatano iliyopita nilisimama Turbi nikaagiza buna xiqqoo, kahawa kidogo. Mwenye kibanda alinitazama, akaniuliza kitu kirefu ambacho sikukielewa hata neno moja, kisha akaniletea birika zima.