Kununua Safari ya Tuvalu Ukiwa Dar es Salaam: Tathmini ya Wakala Mmoja wa Posta

Mwezi Julai mwenzangu wa kazini nami tulitakiwa kuwa Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, kwa kazi ya siku kumi inayohusu fukwe zinazoliwa na bahari. Maandalizi ya safari tuliikabidhi ofisi moja ya wakala iliyopo katikati ya jiji, eneo la Posta, ambayo imewahi kutukatia tiketi za Johannesburg, Addis Ababa na Istanbul bila dosari yoyote. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa makosa niliyoyaona ni ya kutoizoea njia, wala si ya hila, na nadhani ofisi nyingi za mjini hapa zingeyafanya vilevile. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote atakayepeleka kaunta ombi la safari ya visiwa vya Pasifiki.

Nianze na yanayostahili sifa. Ofisi inafunguliwa kwa wakati, simu hupokewa, na kila malipo hutolewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, bila mteja kuiomba. Karani aliyetuhudumia, kijana mpole asiyechoka kuulizwa, alitueleza bayana ni kiasi gani cha fedha kinakwenda kwenye shirika la ndege na kiasi gani ni ada yao. Kwa mtu anayehitaji tiketi ya kwenda na kurudi Dubai, sina sababu ya kumzuia asiende pale.

Tuvalu, hata hivyo, si Dubai. Ni nchi ya visiwa tisa ambavyo vyote kwa pamoja vina eneo la takribani kilomita za mraba 26 na watu wapatao 11,000, na anayekwenda huko kwa ndege hupitia Fiji, kisha hupanda ndege ya mapangaboi aina ya ATR 72, aina ambayo wasafiri wa ndani ya Tanzania wanaifahamu vizuri. Ndege hiyo haiendi kila siku. Huenda mara chache tu kwa wiki. Kwa hiyo anayechelewa kwa saa moja hasubiri ndege ya jioni. Husubiri siku kadhaa, huku akilipia hoteli kwa fedha zake mwenyewe.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea. Ratiba ya kwanza tuliyopewa ilikuwa na bei nzuri kuliko tulivyotarajia, nami niliisaini kwa furaha, nikaenda nayo nyumbani Sinza. Usiku, nilipoitandaza mezani ili ninakili namba za ndege, nikaona kwamba tunashuka Fiji penye alama ya NAN na baada ya saa mbili na nusu tunaondoka Fiji penye alama ya SUV. NAN ni Nadi, upande wa magharibi wa kisiwa cha Viti Levu. SUV ni uwanja wa Nausori, karibu na Suva, upande wa mashariki. Baina ya miji hiyo miwili, kwa barabara, ni kama mwendo wa Dar es Salaam hadi Morogoro. Tulikuwa tumeuziwa, kwa maneno mengine, safari ya kushuka Uwanja wa Julius Nyerere, kusimama foleni ya uhamiaji, kuchukua mabegi, kisha kupanda ndege nyingine Morogoro kabla chai ya asubuhi haijapoa.

Kesho yake nilimwekea kijana karatasi mezani. Aliitazama, akatabasamu, akasema, "Mama, Fiji ni Fiji. Mtashuka, mtapanda." Nikamwomba afungue ramani kwenye kompyuta yake. Alipoona umbali ule alinyamaza, akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake naye akanyamaza. Lililozidisha uzito wa jambo ni kwamba tiketi zile zilikuwa mbili tofauti, hazikuunganishwa katika tiketi moja. Zinapokuwa hivyo, shirika la ndege ya pili halina wajibu wowote kwa abiria aliyecheleweshwa na ndege ya kwanza. Anahesabiwa kuwa hakutokea, na fedha zake zimekwenda. Ni swali ambalo sasa nalitanguliza kabla ya kuuliza bei: tiketi ni moja au ni mbili?

Kwa heshima yao, walibadilisha ratiba nzima ndani ya siku mbili na hawakutudai ada ya pili ya huduma. Ratiba mpya ilitulaza Suva usiku mbili kabla ya kuruka kwenda Funafuti, na usiku mbili tena wakati wa kurudi. Mhasibu wa ofisi yetu aliuliza kwa nini tunalipia hoteli za kukaa bure. Jibu alilipata wakati wa kurudi, pale mvua ilipoifanya ndege yetu isiondoke Funafuti siku iliyopangwa. Zile siku mbili za Suva zilikatwa, lakini ndege ya kurudi nyumbani haikutuacha.

Suala la viza nalo lilihitaji jicho la mteja. Njia waliyoipendelea mwanzoni ilipitia Sydney, na hakuna aliyetuambia kwamba Mtanzania anahitaji viza ya kupita Australia hata kama hatoki nje ya uwanja. Viza hiyo haina ada na humruhusu msafiri kukaa hadi saa 72, lakini huombwa mapema, si siku ya kuondoka. Sisi tuliamua kuiacha Sydney na kupitia Singapore, ambako pasipoti ya Tanzania haihitaji viza, na kutoka huko kuna ndege ya moja kwa moja hadi Nadi. Fiji nayo imewaondolea Watanzania hitaji la kuomba viza kabla ya safari. Mabadiliko hayo yaliongeza gharama kidogo na yakapunguza karatasi nyingi, nami ningeyachagua tena. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilikaa ndani ya pasipoti muda wote. Asiyechanjwa bado akumbuke kwamba cheti huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kisha hudumu maisha yote.

Bima ndiyo iliyonikera. Tulipewa ile wanayowapa waombaji wa viza za Ulaya, yenye maneno mengi kuhusu mizigo iliyopotea, na isiyosema lolote kuhusu kumsafirisha mgonjwa kwa ndege kutoka kisiwa kimoja kwenda nchi nyingine. Funafuti ina hospitali moja, Princess Margaret, na mgonjwa anayehitaji matibabu makubwa hupelekwa nje ya nchi, Fiji kwa mfano. Nilipouliza kuhusu kipengele hicho, jibu lilikuwa kwamba wateja wengi huwa hawakiulizi. Tulikwenda kununua bima kwingine.

Kuna kosa moja ambalo hata mimi sikuliona mapema. Karani, akijua kwamba katika Pasifiki kuna mstari wa kubadilisha tarehe, alidhani tungeuvuka na "kurudishiwa siku", hivyo akatuwekea nyumba ya wageni kuanzia Jumatano ilhali tulikuwa tunafika Alhamisi. Mstari huo hupita mashariki ya Tuvalu. Anayetoka Afrika kupitia Asia hauvuki kabisa. Saa za Funafuti ziko mbele ya za Dar es Salaam kwa saa tisa tu, na tarehe huhesabiwa kama kawaida. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba alishangaa kutusubiri siku ambayo hapakuwa na ndege. Alitutoza nusu ya usiku ule, na sikuona sababu ya kubishana naye, maana kosa halikuwa lake.

Katika mambo ya fedha, wakala alitushauri tutumie kadi "kama kawaida". Ushauri huo haufai. Hadi Aprili 2025 Tuvalu haikuwa na mashine hata moja ya kutolea fedha, na ingawa sasa zimeanza, anayekwenda kwa siku kumi hapaswi kuweka matumaini yake yote kwenye mashine iliyopo upande wa pili wa dunia. Fedha inayotumika ni dola ya Australia. Nilizunguka matawi kadhaa ya benki mjini nikiitafuta, na kila dirisha nilijibiwa kwamba zipo za Marekani, pauni na yuro. Hatimaye tulibeba dola za Marekani na kuzibadilisha Singapore tukiwa njiani. Noti za Australia ni za plastiki, laini na zenye kuteleza, na mbili zilinichomoka mfukoni kabla sijajifunza kuzikunja. Ombeni za 5, 10 na 20, kwa kuwa kumpa mwenye duka dogo noti ya 100 ni kumpa kazi.

Kinyume chake, adapta ya plagi, iliyonisumbua kwa wiki nzima, ilipatikana Kariakoo kwa dakika tano. Soketi za Tuvalu ni za Kiaustralia, zenye matundu ya mshazari, na plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii. Karani alikuwa amesema kifaa hicho kiagizwe nje. Muuza vifaa vya umeme wa Kariakoo hakuhitaji hata kusikia jina la nchi: nilimchorea miguu ilivyokaa, akasema, "Hiyo ya Kichina, dada," akanitolea adapta mbili kwenye boksi lililokuwa chini ya meza. Miguu ya plagi nyingi za Kichina hukaa kwa mshazari uleule, na zilifanya kazi safari nzima.

Kuhusu nguo, mtu wa Dar es Salaam hahitaji kununua chochote. Funafuti iko karibu nyuzi 8 na nusu kusini mwa ikweta, nasi tuko karibu nyuzi 7, kwa hiyo joto na unyevu ni vilevile. Kanga mbili zilinifaa kuliko vazi lolote, kwa kuwa wenyeji huvaa kwa stara, hasa Jumapili, siku ambayo watu huenda kanisani na shughuli nyingi husimama. Anayeweza kuchagua mwezi aepuke Februari na Machi, wakati wa bamvua kubwa, ambapo maji ya bahari huibuka kutoka ardhini kupitia matumbawe na kutuama katikati ya makazi. Nchi yenyewe haifiki mita 5 juu ya bahari hata mahali pake pa juu kabisa. Dawa zako za kila siku zibebe zote. Malaria haipo, lakini mbu wa dengue wapo, na mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu yatoke nyumbani.

Jambo ambalo hakuna wakala angeweza kutuandalia ni ule uwanja wa ndege. Njia ya kurukia ilijengwa na Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwa kuwa ardhi ni finyu, jioni watoto huchezea mpira juu yake. King'ora kinapolia, wote huondoka, ndege hutua, kisha mpira unaendelea.

Tuliporudi nilipita ofisini kwao na orodha ya makosa, bila ugomvi. Walinirudishia nusu ya ada ya huduma na kuniomba ramani niliyokuwa nimechora kwa kalamu. Nikiwa na safari ya kawaida nitawapelekea tena. Nikiwa na safari ya visiwani, nitakwenda na ratiba niliyoipanga mwenyewe na kuwalipa kwa kukata tiketi tu. Wiki iliyopita mwenzangu alipita pale kulipia tiketi ya Entebbe, akaniambia ramani ile imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, Nadi na Nausori zimezungushiwa wino mwekundu.